Mkupuo haujaingia, mwanangu ameshaupangia vizimba

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kisesa. Desemba mwaka huu wa 2026 natimiza miaka 60, nastaafu kwa lazima, na nasubiri mkupuo, ile hela ya kustaafu inayolipwa kwa mara moja. Niliajiriwa Januari 1995, nikapangiwa Ukerewe, nikafundisha huko miaka saba ndipo nikahamia huku kumfuata mume wangu, ambaye sasa ni marehemu. Nina watoto watatu. Wawili wana miji yao. Wa mwisho ana miaka 29, bado yuko kwangu, na ndiye anayefanya nikuandikie saa saba ya usiku kwa mwanga wa simu ili asijue kwamba sijalala.

Jumapili moja alikuja sebuleni na rafiki yake, wakanionyesha video ya vizimba vya samaki ziwani, sato wanaruka kugombea chakula, na karatasi ya hesabu. Jumla ilikuwa milioni 38. Akasema, "Mama, hela yako ikikaa benki inakufa. Tuifanyie kazi." Nikamjibu tutaangalia. Mwezi haujaisha nikapigiwa simu na fundi wa kuchomelea wa Igoma nisiyemjua: "Mama, zile fremu za vizimba zimekamilika, sisi tunasubiri Januari tu." Kumbe oda imewekwa kwa jina langu. Sijamuuliza. Naogopa nikimuuliza atasema nilimkubalia.

Kuna na mengine. Kijana mmoja hapa shuleni alinisaidia kufungua PSSSF Kiganjani, programu ya mfuko wetu wa pensheni, kwenye simu, tukakuta michango yangu inaanzia Julai 1999. Ya 1995 mpaka hapo hakuna kitu. Nililegea miguu nikakaa. Miaka minne na nusu imeenda wapi? Barua yangu ya ajira ya kwanza nayo sina, ililowa na kuoza enzi zile Nansio paa lilipovuja. Na hata ingekuwepo, ina jina la baba yangu, wakati kitambulisho cha NIDA kina jina la mume.

Halafu hela yenyewe. Rafiki yangu alistaafu 2017 akapata milioni sabini na kitu. Mimi mshahara wangu kwa miaka hii mitatu unafika 1,160,000 kwa wastani, na bado naambiwa nitapata arobaini na ngapi sijui. Nani kala hela yangu?

La mwisho naona aibu kuliandika. Mwaka jana niliuguliwa na mama, nikakopa kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali. Bado wananidai kama laki nane. Kadi yangu ya benki wanayo wao, na namba ya siri wanaijua. Mshahara ukiingia wanachukua chao kwanza, wananiachia salio.

Naomba uniambie nianze na lipi. Wabeja sana.

Mwalimu wa Kisesa

*

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na kikokotoo, kile cha vitufe. Tuanze na hesabu, kwa sababu ukishaiona vizuri hata mazungumzo na mwanao yatabadilika.

Mfuko unachukua wastani wa miaka mitatu yenye mshahara bora ndani ya miaka kumi kabla ya kustaafu. Kwako ni 1,160,000 kwa mwezi, yaani 13,920,000 kwa mwaka. Unazidisha kwa miezi ya utumishi: Januari 1995 hadi Desemba 2026 ni miaka 32, miezi 384. Unagawanya kwa 580, namba iliyowekwa na kanuni. Inatoka 9,216,000, na hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Kwa mwezi ni 768,000.

Sasa inakatwa vipande viwili. Asilimia 60 inabaki pensheni ya mwezi, shilingi 460,800, na utailipwa maadamu uko hai. Asilimia 40, ambayo ni 307,200 kwa mwezi, unauza. Mfuko unakununulia kipande hicho kwa miaka 12 na nusu na kukulipa yote kwa mara moja. Zidisha 307,200 kwa miezi 150 uone: 46,080,000. Huo ndio mkupuo.

Hapo naomba urudie kusoma. Wengi wetu tunaustaafia mkupuo kana kwamba ni asante ya serikali kwa vumbi la chaki tulilomeza. Ni kipande cha pensheni yako mwenyewe ya miezi 150 ijayo, kilicholipwa mbele. Ukiutoa milioni 38 kwa mkono mmoja, umetoa hela ya mboga ya miaka kumi na zaidi, na mwezi hautakuja kukurudishia.

Kuhusu rafiki yako wa 2017, hakuna aliyekula hela yako chumbani, ila kanuni ilibadilika na ukaumia, hilo nakubaliana nawe. Walimu tulikuwa PSPF, mfuko wetu wa pensheni wa wakati huo. Pale ilikuwa unagawanya kwa 540, unauza nusu ya pensheni, na unanunuliwa kwa miaka 15 na nusu. Kwa mshahara huu huu na miezi hii hii ungepata milioni 76 na ushee, na pensheni ya mwezi kama 412,000. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa kuwa PSSSF, ikaja kanuni ya mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Rais Magufuli akaisimamisha mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Julai 2022 ikaletwa 33. Bajeti ya 2024/25 ndiyo iliyowapandisha hadi 40 wale waliokuwa wanalipwa nusu.

Watakuambia usijali, pensheni ya mwezi imeongezeka. Ni kweli, imeongezeka kama 48,000. Lakini pengo la mkupuo ni milioni 30 na zaidi. Kulifidia kwa 48,000 za kila mwezi kunataka miaka zaidi ya hamsini. Kwa hiyo anayelalamika kwenye mkutano wa CWT, chama chetu cha walimu, msimwite mchochezi, anajua kugawanya. Ila wewe una miezi michache tu, na kanuni hii ndiyo itakayokukokotoa. Nguvu zako ziweke kwenye miezi 384, maana hiyo bado inaweza kupungua.

Ile miaka minne na nusu haijaibiwa. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali hakukatwa mchango wa pensheni. Hazina ndiyo iliyobeba mzigo wote. Sheria ya 1999 ikaanzisha mfuko, na makato yakaanza Julai mwaka huo. Simu yako inaonyesha michango, na mchango usiokatwa hauwezi kuonekana. Utumishi wenyewe unahesabika. Deni la wale wa kabla ya 1999 limekuwa mgogoro wa mfuko na serikali kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2021 serikali ikautolea mfuko hatifungani maalumu, yaani hati ya deni la serikali, ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Deni hilo si la kwako kulibeba.

La kwako ni kuthibitisha kwamba ulikuwa kazini, na uthibitisho ni karatasi. Bila barua ya 1995, watakaokokotoa wanaweza kuona miezi 330 tu. Nimekupigia: mkupuo unashuka hadi 39,600,000 na pensheni inakuwa 396,000. Unapoteza 6,480,000 siku ya kwanza, na 64,800 kila mwezi wa maisha yako, kwa sababu ya bati lililovuja Nansio.

Habari njema ni kwamba mwalimu ana majalada mawili. Moja liko kwa mwajiri wako, halmashauri, kwenye masjala. La pili liko Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), ofisi ya wilaya. Zamani tuliiita TSD. Ulipohama kutoka Ukerewe majalada yalipaswa kukufuata. Nenda TSC kwanza, maana na kibali chako cha kustaafu kinatoka huko huko. Omba nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, na za kupandishwa madaraja. Usimwambie karani "naomba uniangalizie". Andika barua, iwe na namba ya jalada na namba ya hundi ya mshahara, uwe na nakala wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikosa, vuka kwenda Nansio mwenyewe wakati wa likizo. Najua nauli inauma, lakini iweke kando ya 64,800 za kila mwezi.

Nakumbuka nilipokwenda kutafuta langu. Dada wa masjala alilitoa chini ya rundo, kamba imekatika, jalada limekuwa na rangi ya ugali wa muhogo. Ndani kulikuwa na barua yangu ya 1979, na pembeni mtu alikuwa amehesabu bei ya sukari kwa penseli. Barua hiyo ndiyo iliyonilipa. Ukiipata yako, piga picha hapo hapo kabla hujatoka mlangoni.

Jina nalo lisikunyime usingizi, wanawake walioolewa wakiwa kazini wengi wanalo. Nenda kwa wakili akuandikie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi, ibebe na cheti cha ndoa. Kisha majina yafanane kila mahali: NIDA, hati ya mshahara, benki, PSSSF. Hata herufi moja, "Ng'" kwenye karatasi moja na "Ng" kwenye nyingine, nimeona inamrudisha mtu Kisesa mara tatu. Na ukiwa huko angalia kumbukumbu za wategemezi. Kama bado kumeandikwa marehemu, peleka cheti cha kifo, waingie watoto.

Haya yote yafanye sasa, usisubiri Desemba. Ofisi ya PSSSF iko mjini hapa, ingia ukaulize orodha ya nyaraka zao wenyewe, ni bure. Akipiga mtu simu kusema faili lako limekwama na linataka "hela ya kulisukuma", hata kama anajua jina lako, shule yako na tarehe yako ya kuzaliwa, huyo ni tapeli. Wanawapenda wastaafu kama nzi wanavyopenda dagaa waliolowa. Usisahau pia kudai nauli na mizigo ya kustaafu kwa mwajiri, na malimbikizo kama yapo, ukiwa bado una ofisi ya kugonga.

Sasa vizimba.

Mimi nilistaafu 2012, mwalimu wa Jiografia, nikidhani ziwa nalijua kwa kuwa nilikuwa nalichora ubaoni. Nikanunua mtumbwi wa dagaa, mashine, nyavu na taa. Wavuvi wakaniita tajiri. Jina tamu hilo, usiombe! Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka mtumbwi unalala mwaloni, lakini wavuvi hawalali njaa, wanakuja mlangoni kwa tajiri. Alfajiri nilikuwa nakaa Kirumba mwaloni na daftari langu, nahesabu makarai. Daftari likisema ishirini, upande wa pili wa mtumbwi yalishashuka mengine nisiyoyaona. Mwezi wa nane mashine iliporwa ziwani usiku. Watu walirudi salama, namshukuru Mungu, wakipiga kasia kwa mbao. Mpaka leo sijui kama mashine iliporwa au iliuzwa. Mke wangu hajawahi kunisema kwa hilo. Siku dagaa wakiwa mezani ananitazama tu.

Kwa hiyo nisikufiche, nina jeraha langu. Lakini vizimba si utapeli, sato wa kufugwa wanauzika, na wapo wanaofanya vizuri hapa hapa ziwani. Ninachotaka umuulize mwanao ni kama ile milioni 38 ina chakula ndani yake. Fremu na nyavu unanunua mara moja, samaki anakula kila siku kwa miezi sita, saba, nane hadi afike kuuzwa, na chakula ndicho kinachomeza hela kubwa. Chakula kikiisha mwezi wa tano, utakuwa na maelfu ya samaki wa ukubwa wa kiganja na madeni ya duka. Muulize pia kibali cha mazingira na cha kutumia maji ya bonde kiko wapi, nani atalala kule kulinda, na itakuwaje siku maji yakigeuka hewa ikapungua, mkaamka mkawakuta wanaelea matumbo juu. Akiwa na majibu, ni mfugaji. Asipokuwa nayo, video ile aliipenda tu, kama mimi nilivyopenda kuitwa tajiri.

Na ana mlango mwingine. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Kwa miaka 29 yeye ni kijana halali kabisa. Atafute wenzake, wasajili kikundi, waandike andiko. Kama ukitaka kumsaidia, msaidie hapo, na kiasi ambacho kikizama ziwani utaendelea kula. Mimi ningesema kisizidi milioni tatu. Dada na kaka zake wajue umempa, na imeandikwa.

Fundi wa Igoma mpigie wewe mwenyewe, kabla hujaongea na mwanao: "Fundi, mimi sikuagiza fremu, na Januari usinitegemee. Malizana na aliyekuagiza." Usieleze zaidi, usiombe radhi. Kisha umwite kijana, mkae na hii hesabu ya 307,200 mezani. Mwambie hukumkubalia, ulisema mtaangalia, na sasa mmeangalia.

Mkupuo ukiingia, lipa madeni, halafu miezi sita usinunue kitu chenye mashine, chenye paa wala chenye mapezi. Zisilale benki bure, hapo mwanao ana haki kidogo. Sehemu iweke kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kuitoa ukiumwa. Sehemu kubwa nunua hatifungani za serikali. Zinaanzia shilingi milioni moja, riba inalipwa kila baada ya miezi sita, na Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza ambako watakueleza bila kukuuzia maneno.

Nimeacha mwisho lile uliloliandika mwisho kwa aibu, ila ndilo la kwanza kufanya. Akaunti itakayopokea milioni 46 ni hiyo hiyo ambayo kadi yake iko mfukoni kwa mtu mwingine, na namba ya siri anayo. Deni ni laki nane. Kesho omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nenda benki na kitambulisho, sema kadi haiko mikononi mwako, waifunge na kukupa nyingine na namba mpya. Deni ulikopa, lilipe, lakini kwa kuwapelekea wewe, na risiti kila mara; kama SACCOS yenu ya walimu inaweza kukukopesha laki nane uwamalize kwa mara moja, bora zaidi. Wakija shuleni kupiga kelele, waulize leseni yao ya kukopesha iko wapi, na umwambie afisa biashara.

Benki zinafungua saa mbili na nusu. Daladala za Kisesa asubuhi unazijua, toka mapema.